Nyuki wa Kushoto

Jumapili, 2 Machi

Paa la chumba cha Baba limeanza kuvuja, kama nilivyosema mwaka jana na kama nitakavyosema mwakani. Nimetoa kila kitu nikakirundika sebuleni: kitanda cha chuma, makoti yake ya reli, sanduku la bati. Ndani ya sanduku, chini ya mapazia ya zamani, nimeikuta kompyuta yetu. Bado imefungwa kwenye kitenge cha Mama kama alivyoifunga kwa mikono yake, na kaseti zake za gemu ziko pembeni, kila moja ndani ya soksi.

Anayedhani ni kompyuta kama za siku hizi hajaiona. Ni kibodi nene isiyo na kioo. Unaiunganisha na televisheni, unapachika kaseti mgongoni, mchezo unatokea. Baba aliachiwa na mtaalamu wa kigeni aliyekuja kufunga mitambo ya ishara za reli, mkataba ulipokwisha akarudi kwao. Maandishi yake hakuna aliyeyaweza, kwa hiyo gemu tulizibatiza wenyewe. Treni ya Moshi. Panya Shamba. Ndege Watatu. Na Babu na Nyuki, ambayo ndiyo hasa iliyotulea.

Nimempigia kaka Beda huko Mikumi. Aliniuliza mara mbili kama ni ile yenyewe.

"Usiiwashe," akasema. "Nisubiri, Detha. Nakuomba."

Mtu mwenye mvi anasema hivyo.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Mvua tangu asubuhi. Sare za shule ninazowashonea watu hazikauki.

Jumamosi, 8 Machi

Beda amekuja na gari la kambi ya wageni anayoifanyia kazi. Alikuja kupokea watalii kwenye treni ya umeme, treni ikachelewa, bahati yetu. Yassin, fundi wa televisheni ambaye ni jirani yangu, alituletea TV ya chogo aliyoitoa stoo, kwa sababu hizi bapa hazielewani na waya wa zamani. Yeye amefunga Ramadhani, sisi tuko Kwaresima, kwa hiyo hakuna aliyemkaribisha mwenzake chochote. Alifuta vumbi kwenye meno ya kaseti kwa spiriti, akapachika, akawasha.

Ule wimbo! Sikutegemea kulia. Nililia, nikajifuta kwa kipande cha sare ya mtoto wa watu.

Babu anapanda mwamba kwa ngazi, anachota asali, nyuki wanakuja kutoka kulia na kushoto. Ukimaliza mwamba mmoja unakuja mwingine, mrefu zaidi. Baba alituambia kwamba baada ya mwamba wa mwisho kuna nyumba ya Babu, na Bibi anafungua mlango. Hakuna mtoto wa kota za reli aliyewahi kuufikia, ingawa Beda alikaribia kuliko wote. Watoto walikuja kutoka Kimamba kumwangalia tu akicheza.

Leo amekufa, amekufa, amekufa. Mwamba wa pili hakuumaliza.

"Mikono imezeeka," akasema.

"Mikono gani? Unaendesha gari kila siku," Yassin akamtania. "Sema umeshakuwa mzee, tukutafutie mkongojo."

Tulicheka wote. Waya wa fimbo ya kuchezea ni mfupi, kwa hiyo tunakaa karibu kabisa na kioo, magoti yanagusa meza, kama zamani.

Jumanne, 11 Machi

Umeme hakuna. Mto Mkondoa umeanza kunguruma.

Jumamosi, 15 Machi

Beda tena. Mwamba wa pili tena. Nimemwangalia vizuri leo: nyuki wa kulia anawakwepa kama kijana. Wa kushoto ndio wanaommaliza, kila mara, na hata hashtuki mpaka Babu ameshaanguka.

"Umekuwa Baba," nikamwambia.

Ilikuwa utani wetu wa nyumbani. Baba akirudi kazini alikuwa akiomba fimbo, "nami nijaribu," na kila mara alikufa kwa nyuki wa kushoto. Tukawa tunakiita kifo cha Baba. Tulibingirika chini kwa kicheko, na yeye akicheka nasi, na Mama jikoni akiuliza kuna nini. Mtoto mwingine akifa kwa nyuki wa kushoto tulimwimbia: kifo cha Baba, kifo cha Baba.

Beda leo hakucheka. Alizima mashine mwenyewe akasema anawahi barabara kabla ya mvua.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Nimeshona makwapa ya mashati ya kwaya mpaka kidole kimeota sugu.

Jumamosi, 29 Machi

Nimeaibika.

Bibi Anastazia, ambaye nyumba yake inatazamana na yangu na ambaye ndiye aliyekata kitovu cha Beda, amenijia mchana huu amevaa kabisa kitenge cha kutokea, nikajua kuna shauri. Hakukaa.

"Kaka yako amekuwa bosi siku hizi?" akauliza. "Nimekaa hapa barazani, amenipita hapo kwenye mlango wako, hatua ya mtoto, nimemtazama machoni. Bila shikamoo. Wiki ile nyingine vilevile. Nikasema labda ana mawazo. Leo nimesema, hapana, huyu ananidharau."

Nilimwomba radhi mpaka maneno yakaisha. Kisha nikaingia ndani kumsomea Beda. Nilimsomea hasa, kwa sababu mimi nikikasirika sijui kupunguza. Nilimwambia gari si lake, ni la kambi, na hata lingekuwa lake lisingemfanya asimwamkie bibi aliyempokea duniani.

"Sikumwona," akasema.

"Mtu mnene vile, na kitenge chekundu?"

"Nimesema sikumwona, Detha!" Akagonga meza, na mkono wake wa kushoto ukapiga kikombe cha chai ambacho mimi nilikiona muda wote.

Aliondoka bila kucheza.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Yassin ameleta pilau na dharau: "Kula, mfungaji wa mchana mmoja mmoja." Nimemwambia Pasaka atanitambua.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua imekata leo, mara ya kwanza wiki nzima. Umeme ukarudi nikiwa nakunja kazi, nikawasha mashine peke yangu, nicheze kidogo tu. Nikapachika Babu na Nyuki. Nikafa kwa nyuki wa kushoto, uzembe wangu, na bila kufikiri nikaimba: kifo cha Baba.

Nikaiweka fimbo chini.

Kwa sababu nimekumbuka. Baba kabla hajapofuka, watu wa kota walianza kusema ana maringo. Mzee wa ishara ana dharau, walisema, anapita watu kama magogo. Mama alikuwa anagombana naye kwa hilo hilo nililogombana na Beda. Aligonga nguzo ya geti. Alimwaga uji. Halafu kazini wakamtoa kwenye ishara wakampa kufagia stoo, na halafu akawa hatoki. Waliosema ni uzee walisema, na waliosema ametupiwa kitu kazini nao walisema. Nikiwa darasa la saba nilikuwa namshika mkono kumpeleka chooni.

Na miaka miwili mitatu kabla ya hayo yote, nyuki wa kushoto walikuwa wanamuua kila jioni mbele yetu, sisi tukicheka.

Beda anaendesha gari. Nchi hii tunapita kushoto, na kushoto ndiko waliko watu: wenye baiskeli, wanaotoka shule, wanawake na mizigo yao. Naogopa. Nimeandika neno hilo na bado halijapungua.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimempigia asubuhi. Nilijipanga niseme kwa upole, nikasema kama nilivyo.

"Macho yako hayaoni kushoto."

Akacheka kicheko cha kazini, kile cha kuchekea wageni. Akasema kule kambini walikuja watu wa macho mwaka juzi, wakawapima madereva wote, yeye akaambiwa ana presha kidogo ya macho. Akapewa dawa ya matone.

"Na?"

"Na nini? Nilitumia. Kichupa kikaisha. Dozi niliimaliza, Detha, sikuacha hata tone moja."

Alisema kwa fahari, kama mtu aliyemaliza dozi ya malaria. Tangu utotoni tumefundishwa hivyo: maliza dozi. Naye kamaliza, hakurudi tena, kwa kuwa haumwi popote.

Nilimwambia aache kuendesha mpaka apimwe. Hapo ndipo kicheko kilipoisha.

"Unataka nikae nifagie stoo?" akasema, akakata simu.

Kwa hiyo naye anakumbuka.

Jumamosi, 12 Aprili

Hakuja. Mvua.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeongea na wifi Irine. Ameniambia kwa sauti ya chini, maana Beda alikuwa uani. Kioo cha pembeni cha kushoto cha gari kimevunjika mara mbili tangu Krismasi. Ubavu wa kushoto una michubuko. Beda anasema ni vichaka vya hifadhini.

"Wifi, nimpigie bosi wake?" nikamuuliza.

"Ukimpigia, hatakusamehe," akasema. "Usipompigia, sijui."

Sikio la kufa halisikii dawa. Lakini hili sikio ni la kaka yangu, na atakayekufa huenda ni mtoto wa mtu mwingine kabisa. Nimeshika simu na kuiweka tangu adhuhuri. Nikimsema, nimemnyang'anya kazi pekee anayoijua. Nisipomsema nitaendelea kushona, na kila simu ikilia nitaruka.

Nimeamua nitakwenda Mikumi Pasaka, tuongee uso kwa uso. Ikishindikana, nitapita kwa bosi kabla sijarudi.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mikumi. Malori, malori, malori. Irine amepika mihogo. Beda ni mkarimu sana kwangu na hatuongei chochote.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisani nilikaa kushoto kwake makusudi, nikainua kitabu cha nyimbo usawa wa sikio lake. Hakugeuka. Nikashindwa kuimba.

Jumatatu, 21 Aprili

Naandika nikiwa nyumbani Mabwerebwere, Kilosa. Nataka iandikwe leo.

Jana jioni Beda alisema ana wageni wa kuwapokea Kilosa kwenye treni ya leo, nipande naye. Bosi yuko Dar, harudi mpaka kesho, kwa hiyo mlango wa kumpitia nao ulikuwa umefungwa. Nilifikiri: nikikataa, ataendesha peke yake. Nikapanda. Kiti cha mbele, kushoto.

Alikuwa mchangamfu. Alinionyesha alipowahi kukwama na Waitaliano, na palipolala simba barabarani. Mimi nilikuwa naangalia majani ya pembeni, ambayo masika yameyafanya marefu kuliko mtu. Kila mwenye baiskeli nilimtaja: "Yule pale." Akajibu kila mara, "Nimemwona." Mara mbili alijibu huku anaangalia siko.

Tulipopita kijiji cha Ulaya barabara ikawa na shimo kubwa la maji katikati, naye akalikwepa kwa kuvuta kushoto. Na kushoto alikuwapo mzee anasukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa. Nilimwona kutoka mbali. Alinyoosha mkono kutupungia, kama watu wanavyopungia gari wakitaka lipunguze mwendo. Beda hakupunguza. Gari lilikwenda moja kwa moja kwa yule mzee kana kwamba pale pana majani matupu.

Nilitaka kusema simama. Nilitaka kusema mtu. Kilichonitoka kinywani, kwa sauti yote niliyonayo, ni:

"Nyuki!"

Mikono ya Beda ikavuta kulia kabla yeye mwenyewe hajajua. Niliiona. Ilivuta vilevile ilivyokuwa ikivuta fimbo, ghafla na kwa ufupi. Tulipita ndani ya shimo, maji yakaruka juu ya kioo, gari likazunguka nusu na kusimama upande usio wetu. Namshukuru Mungu hakukuwa na lori.

Mzee alikuwa amekaa kwenye majani. Baiskeli ilikuwa chini, gunia limepasuka, mkaa umetapakaa lami nzima. Hakuguswa. Upepo tu ndio uliomwangusha, au woga.

Beda alishuka akaenda mpaka mbele yake kabisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," yule mzee akajibu, akijipangusa. Hakuwa na hasira, ndilo lililoniumiza. Alikuwa anashangaa tu. "Lakini mwanangu, ulikuwa unaniona tangu kule. Si nilikupungia?"

Beda alisimama. Mvua ilikuwa imeanza manyunyu.

"Sikukuona, mzee," akasema. "Sioni huku." Akauinua mkono wake wa kushoto akauweka pembeni ya uso, kama mtu anayeonyesha mahali jino linapouma. "Sioni huku kabisa."

Tuliokota mkaa sote watatu, kipande kwa kipande, kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Gunia nililishona palepale, sindano sikosi. Mzee alipoondoka, Beda alirudi ndani ya gari akakaa kiti cha nyuma. Ufunguo akaniwekea mapajani, mimi ambaye sijui hata kuwasha. Akampigia Goodhope, dereva mwenzake, aje na bodaboda achukue gari na awapokee wale wageni.

Wakati tunasubiri aliniuliza jambo moja tu.

"Na Baba alikuwa hivi?"

"Nadhani alikuwa hivi."

Akaegemeza kichwa kwenye kioo akalia, naye simjui kwa kulia. Sikumgusa. Nilimwacha alie, kisha nikalia na mimi.

Jumatatu, 28 Aprili

Morogoro, kwa daktari wa macho. Ni mama wa makamo, mpole, anaongea kama anayefundisha katekisimu.

"Kilichopotea hakirudi," alimwambia. "Kilichobaki tunaweza kukilinda. Jicho la kushoto tutalifanyia upasuaji. La kulia, matone, kila siku."

"Mpaka lini?" Beda akauliza.

"Baba, hii si dozi. Hii ni kama kula. Unaacha siku unayoacha kula."

Akasema hii presha ya macho ni ugonjwa wa ukoo, ndugu wote wapimwe na watoto pia. Amenipima palepale. Yangu mazima, ila nirudi kila mwaka. Nilipotoka nilimkuta Beda ameinama anasoma maelekezo ya kichupa, amekisogeza upande wa kulia wa uso. Nilijisikia mwizi kwa uzima wangu.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya Wafanyakazi. Beda amemkabidhi bosi ufunguo na sare. Irine anasema aliikunja sare vizuri, akairudia kuikunja.

Jumanne, 6 Mei

Upasuaji umekwisha salama.

Jumamosi, 10 Mei

Mkondoa umevuka tuta upande wa chini. Kwetu maji yameishia mlangoni. Nimepandisha vitambaa vya wateja juu ya kabati na kompyuta juu ya vitambaa.

Jumamosi, 17 Mei

Beda yuko kwangu, apumzike mpaka mwisho wa mwezi. Hana la kufanya na anaumia. Anakaa barazani mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Nimempa vifungo apange kwa rangi, akavipanga, akaniuliza kuna vingine.

Kwa Bibi Anastazia alikwenda mwenyewe akaeleza. Bibi alilia, halafu akamtukana kwa kutosema mapema. Siku hizi Beda akitoka mlangoni anatupa shikamoo kubwa upande wote wa kushoto, awepo mtu asiwepo. Yassin anasema ameshaamkia nguzo ya umeme mara mbili na nguzo imeanza kujiona.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua zimekwisha. Mchana wa leo anga ni safi, matope yameanza kupasuka, na harufu ya mahindi ya kuchoma inatoka kila uani.

Beda ndiye aliyesema. "Ile mashine iko wapi?"

Niliishusha, nikaipachikia Babu na Nyuki. Akashika fimbo. Nami nikavuta kigoda changu nikakaa kushoto kwake, bega kwa bega.

Hatukupanga. Babu alipoanza kupanda nikaanza kusema. "Nyuki juu. Nyuki chini. Bado. Sasa." Yeye akitazama kulia na katikati, mimi nikiwa kushoto kwake kote. Mwamba wa pili ukaisha. Wa tatu. Mwamba ambao alikwama akiwa na miaka kumi na miwili, watoto wa Kimamba wakimpigia makofi, tukaupita. Sauti yangu ilikuwa imekauka lakini sikudiriki kunywa maji. Mwamba wa mwisho ni mrefu ajabu na hauna hata ngazi moja iliyonyooka. Babu akafika juu na asali yake. Wimbo ukapigwa mwingine, ambao hatukuwahi kuusikia katika maisha yetu.

Kisha kioo kikawa cheusi.

Jicho la kushoto la Beda bado lina ukungu wa upasuaji, na la kulia lilikuwa limechoka, linatoa machozi. Alilifumba.

"Niambie," akasema. "Mlango umefunguka? Bibi yupo?"

Kioo kikawaka. Niliona mwamba mfupi, ngazi tatu, chungu cha asali chini. Ulikuwa mwamba wa kwanza. Hakuna nyumba, hakuna mlango. Kilichobadilika ni kwamba nyuki walikuwa wengi zaidi na wanakuja kwa kasi.

Ningeweza kumwambia Bibi amefungua mlango. Ilikuwa mdomoni kabisa, na angefurahi. Lakini huyu mtu msimu mzima alikuwa ananiambia nimemwona, nimemwona, na nilishaona tulikofikishwa na neno hilo.

"Hakuna mlango, kaka," nikasema. "Tumerudi mwanzo. Nyuki wameongezeka."

Bega lake likaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Baba alitudanganya," akasema. "Hakuwahi hata kuuona mwamba wa tatu."

"Hakuwahi."

Akafuta jicho, akalifungua, akashika fimbo upya.

"Haya. Usihame hapo," akasema. "Wanatokea wapi?"

"Kushoto," nikamwambia.